Seli shina na uti wa mgongo: kwanza uliza jeraha lina umri gani

Machi 2025 Chuo Kikuu cha Keio cha Tokyo kilitangaza kwamba mtu mmoja kati ya wanne waliopandikizwa seli kwenye uti wa mgongo ameweza kusimama bila kushikwa, na ameanza mazoezi ya kutembea. Habari hiyo ilipofika kwenye simu za watu wa Mbeya ilikuwa imeshapungua njiani: "Wajapani wapata dawa ya kupooza." Hao wanne hawakutajwa, wala haikusemwa waliumia lini. Mama mmoja wa Kiwira, ambaye kijana wake alianguka kutoka juu ya mparachichi, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo dawa itafika lini pale hospitali ya Rufaa?"

Kumjibu "haipo" ni kumfukuza, na kumwambia "subiri mama, sayansi inakuja" ni kumdanganya kwa upole. Nikamuuliza kijana aliumia lini. Miaka mitatu iliyopita, akasema. Kwa jibu hilo tu, sehemu kubwa ya yale yanayoandikwa juu ya seli shina na uti wa mgongo haimhusu kijana wake. Inafaa kueleza kwa nini, maana wanaouza matumaini mitandaoni wanaishi kwa kutegemea kwamba hakuna atakayeuliza swali hilo.

Tuanze na kinachoharibika. Ndani ya pingili za mgongo hupita uti wenyewe, laini, wenye unene unaokaribia kidole kidogo cha mkono na urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima. Amri za kusogeza mkono hushukia humo. Hisia za joto, maumivu na haja ndogo hupandia humo. Mtu anapoanguka kutoka kwenye mti, au bodaboda inapoparamia lori pale Inyala, pingili huvunjika au huhama na kuuminya uti. Mara nyingi uti haukatiki vipande viwili. Unapondeka, na nyuzi kadhaa huweza kubaki nzima pembeni.

Kisha huja balaa la pili, nalo ndilo linalowashughulisha watafiti wengi zaidi. Lori likianguka mlima Kitonga, hasara haiishii kwenye lori lile: foleni inapanda hadi Ilula na kushuka hadi Ruaha Mbuyuni, na parachichi zinaiva na kuoza ndani ya magari ambayo hayakuguswa hata kidogo. Ndivyo inavyokuwa mgongoni. Damu huvuja, uvimbe hubana mishipa midogo, oksijeni hupungua, askari wa kinga ya mwili hufurika, na seli ambazo hazikupondwa siku ya ajali huanza kufa saa, siku na wiki zinazofuata. Miongoni mwa zinazokufa ni oligodendrosaiti, seli zinazotengeneza mayelini, utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva ili ujumbe upite haraka. Uzi unaweza kuwa mzima lakini umevuliwa utando, na ujumbe haufiki. Miezi ikipita, mahali pa jeraha hubaki tundu lenye maji, limezungukwa na kovu.

Kwa hiyo uti ulioumia wiki mbili zilizopita na uti ulioumia miaka mitatu iliyopita ni matatizo mawili tofauti. Wa kwanza bado una cha kuokoa. Wa pili unahitaji nyuzi mpya zivuke tundu na kovu, zitambue njia, zishikane na seli sahihi upande wa pili.

Madaktari walikata tamaa mapema. Maandishi ya tiba ya Misri ya kale yanalitaja jeraha la shingo linalopooza mikono na miguu, na kuliweka katika kundi la maradhi yasiyotibiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mhispania Santiago Ramón y Cajal, ambaye bado anaheshimiwa kama baba wa elimu ya neva, alihitimisha kwamba njia za ubongo na uti wa mtu mzima zikifa hazioti tena. Mwaka 1981, huko Kanada, Samuel David na Albert Aguayo walipandikiza kipande cha neva ya kawaida ya mwili kwenye uti wa panya, na nyuzi zikaota ndani yake kwa sentimita kadhaa. Kumbe nyuzi zina uwezo wa kuota. Mazingira ya uti ndiyo yanayozizuia. Hapo ndipo wazo la kupandikiza kitu kibadilishe mazingira lilipopata miguu.

Sasa, seli shina. Ni seli ambazo hazijachagua kazi: zinaweza kujizalisha, na zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Za uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, hutengeneza damu maisha yote, ndiyo maana upandikizaji wa uloto ni tiba iliyothibitishwa, na hata hapa nchini Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imewapandikiza watoto wenye selimundu. Wauzaji hupenda sana kutumia mfano huo: kama zinatibu selimundu, kwa nini zisitibu mgongo? Kwa sababu seli ya uloto inapandikizwa ikafanye kazi yake ileile ya siku zote, kuzaa damu. Haijawahi kuwa na kazi ya kuunganisha uti.

Mwaka 1998 James Thomson wa Wisconsin alifanikiwa kukuza maabara seli shina kutoka kwenye kiinitete cha binadamu, zenye uwezo wa kugeuka kuwa karibu seli yoyote ya mwili. Ubishi ukawaka, kwa sababu kiinitete huharibiwa. Watu wa makanisa yetu huku nyanda za juu wangebishana vilevile, na wangekuwa na haki ya kubishana. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto akaonyesha njia nyingine: kuchukua seli ya kawaida ya panya aliyekomaa, kuiamsha kwa jeni nne na kuirudisha kwenye hali ya utoto. Mwaka uliofuata ikafanyika kwa seli za binadamu, na 2012 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon. Seli za Keio zimetokana na njia hiyo.

Ila hakuna mtafiti makini anayechukua seli shina mbichi na kuimimina mgongoni. Seli ambayo haijaamua kazi inaweza kuamua kuwa uvimbe: nywele, mfupa na meno vikikua pasipotakiwa. Kwanza hufundishwa maabara mpaka iwe imeelekea kazi fulani, halafu zile zilizokataa kufundishika huchujwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "seli shina", muulize zimefundishwa kazi gani. Kutengeneza mayelini? Kuwa neva? Kutuliza uvimbe na kinga ya mwili? Majaribio yanayotajwa yote kwa jina moja yana malengo yasiyofanana.

Jaribio la kwanza la binadamu kwa seli zilizotoka kwenye kiinitete lilikuwa la kampuni ya Geron ya Marekani, na hilo linafaa kutazamwa kwa karibu. Msingi wake ulikuwa kazi ya Hans Keirstead na wenzake wa California, iliyochapishwa 2005. Waliwaumiza panya uti, wakawapandikiza seli zilizofundishwa kutengeneza mayelini. Panya waliopandikizwa siku 7 baada ya kuumia walitembea vizuri zaidi. Waliopandikizwa baada ya miezi 10 hawakupata nafuu. Seli zilikuwa zilezile na mikono ileile, ila kovu lilikuwa limeshakaa.

Geron ikapeleka maombi yenye zaidi ya kurasa 20,000 kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani. Januari 2009 ikaruhusiwa, baadaye mwaka huohuo ikasimamishwa kwa sababu vifuko vidogo vya maji vilionekana kwenye migongo ya baadhi ya wanyama, ikaruhusiwa tena. Oktoba 2010 mgonjwa wa kwanza akapandikizwa katika kituo cha Shepherd, Atlanta. Masharti: jeraha la uti liwe usawa wa kifua, limemaliza kabisa hisia na nguvu, na liwe na siku kati ya 7 na 14 tu. Dozi ilikuwa seli milioni 2, ndogo makusudi. Walichagua usawa huo kwa sababu kama seli zingeleta madhara, mgonjwa asingepoteza mikono wala pumzi. Hapo unaona swali halisi lililoulizwa: je, tutamdhuru mtu huyu? Kutembea hakukuwa swali la awamu ile.

Novemba 2011 Geron ikaacha. Seli hazikuwa zimeharibu kitu; fedha ndizo zilizokuwa ngumu. Watu watano walikuwa wamepandikizwa au wamo kwenye mpango, na wameendelea kufuatiliwa kwa miaka: ripoti ya 2022, baada ya miaka kumi, haikuona madhara makubwa ya seli hizo. Wala hawakutembea. Kampuni nyingine, Asterias, ilichukua seli zilezile ikaenda kwenye majeraha ya shingo, watu 25, dozi hadi milioni 20. Wengi wao walipata nafuu fulani ya mikono. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo habari fupi za simu haziwezi kulibeba.

Mtu aliyeumia uti hupimwa kwa pini na pamba. Daktari humgusa sehemu zilizopangwa mwilini kuanzia nyuma ya kichwa hadi sehemu ya haja, kushoto na kulia, akiuliza: unasikia? Ni kali au butu? Kisha hupima misuli kumi, mitano ya mkono na mitano ya mguu, kila upande. Mwisho huingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa na kumwambia akaze. Watu huona aibu kipimo hiki, lakini ndicho kinachoamua daraja: asiyehisi wala kukaza ni A, na madaraja hupanda hadi E, aliye mzima. Sasa tatizo: baadhi ya waliopewa A siku za mwanzo hupanda hadi B au C wenyewe, bila seli yoyote, hasa miezi sita ya kwanza. Uvimbe ukishuka, uti huonyesha kilichobaki. Ukimpandikiza mtu wiki ya tatu na mwezi wa tano akasogeza kidole gumba cha mguu, utajuaje ni seli?

Tukirudi Keio: watu wanne, wote daraja A, kila mmoja seli milioni 2, wakiwa ndani ya wiki chache tangu kuumia. Wa kwanza alipandikizwa Desemba 2021. Seli zilitoka kwa mtu mwingine aliyejitolea na kutunzwa kwenye benki ya seli, kwa sababu kutengeneza za mgonjwa mwenyewe huchukua miezi, na miezi ndiyo hawana. Kwa hiyo walipewa dawa za kupunguza kinga ya mwili. Matokeo: hakuna madhara makubwa yaliyoonekana, mmoja akafika D, mwingine C, wawili hawakupanda daraja. Kutoka A hadi D si jambo la kila siku, na watafiti wana sababu ya kufurahi. Lakini watu wanne bila wa kulinganishwa nao hawawezi kutoa jibu, na wenyewe wamesema jaribio lilikuwa la usalama kwanza.

Japani ina mfano mwingine unaotia mashaka zaidi. Desemba 2018 serikali iliruhusu kwa masharti Stemirac, seli za uloto wa mgonjwa mwenyewe zinazokuzwa na kurudishwa kwa dripu mshipani, kwa bei ya takriban yeni milioni 15. Ushahidi ulikuwa watu 13. Wanasayansi wa nje walilalamika hadharani: hakukuwa na kundi linganishi, na seli zinazoingizwa mshipani nyingi hunaswa kwenye mapafu kabla ya kufika mgongoni. Mimi nadhani walilalamika kwa haki. Dawa ikishauzwa, nani atakubali kuwa kwenye kundi lisilopewa?

Na yapo yaliyoharibika. Huko Lisbon, Ureno, wagonjwa walipandikizwa tishu ya ndani ya pua yao wenyewe, kwa hoja kwamba seli za kunusa huota upya maisha yote. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti habari ya mwanamke mmoja aliyefanyiwa hivyo miaka minane nyuma. Hakupata nafuu, na mgongo ukaanza kumuuma. Walipofungua walikuta uvimbe wa tishu ya pua, unaotoa kamasi, ndani ya mgongo. Huko Beijing mamia ya watu walilipa kupandikizwa seli za kijusi. Wataalamu wa nje waliowafuatilia saba kati yao waliripoti 2006 kwamba hawakuona nafuu, na watano walipata homa ya uti wa mgongo.

Watu wa Mbeya hawahitaji kuelezwa sana jaribio la kitabibu ni nini. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kimefanya majaribio ya chanjo za Ukimwi kwa miaka mingi. Utafiti wa PrEPVacc, uliohusisha vijana wa Mbeya pamoja na wa Dar es Salaam, Masaka ya Uganda na Durban ya Afrika Kusini, ulisimamisha chanjo mwishoni mwa 2023 baada ya kamati huru kuona hazielekei kukinga. Waliojitolea waliambiwa, na dunia ikaambiwa. Linganisha na hospitali inayokutumia bei ya "kifurushi cha seli shina" kwenye WhatsApp pamoja na nauli na hoteli. Jaribio la kweli halimtozi mshiriki kwa ajili ya dawa inayojaribiwa. Lina idhini ya kimaadili, hapa kwetu ya NIMR, na ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa dawa zenyewe. Lina masharti ya nani asiingie, na linakubali kumkataa mtu.

Nasema hivi kwa sababu michango mingi ya ukoo huelekea India. India ina madaktari hodari wa mgongo, na kwenda huko kufungwa vyuma au kutibiwa kibofu si ujinga. Lakini mwongozo wa taifa wa India wa 2017 wenyewe unasema seli shina zinaruhusiwa kama tiba ya kawaida kwa magonjwa ya damu na mengine machache ya kundi hilo tu. Kwingine kote ni utafiti, na mshiriki asilipishwe. Anayekutoza kwa ajili ya uti wa mgongo anavunja mwongozo wa nchi yake.

Kuhusu zile pakiti za unga wa kulamba zinazoitwa "seli shina", zinazouzwa na majirani kwa mfumo wa ngazi, sitatumia aya ndefu. Seli hai haikai kwenye unga mkavu rafuni. Ingekaa, tumbo lingeiyeyusha kama nyama ya mshikaki. Mwaka 2011 tulipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Angalau kile hakikuwa na cheo cha "dayamondi" kwa anayeleta wateja.

Kwa anayeumia leo, cha maana zaidi kinatokea kabla seli hazijatajwa. Huku kwetu mtu akianguka kutoka kwenye mparachichi wa kienyeji, ule mrefu, au kwenye miti ya mbao Mufindi, mmoja humshika makwapani, mwingine magotini, wanamkunja na kumpakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Kama kuna nyuzi zilizobaki, safari hiyo inaweza kuzimaliza. Alazwe chali juu ya mlango au ubao mpana, kichwa kizuiwe kisigeuke, watu wanne au watano wamnyanyue kwa hesabu moja ili kichwa, mabega na nyonga viende pamoja, na gari liitwe hata kama litachelewa kidogo.

Kwa aliyekwisha kupooza, adui wa kila siku ni kidonda cha kulalia na mkojo unaobaki kibofuni. Kugeuzwa kila baada ya saa mbili kitandani, kujiinua kwenye kiti mwendo, mpira safi wa mkojo kwa ratiba. Mambo haya ndiyo yanayoamua kama mtu ataishi miaka thelathini au mitatu. Na jaribio lolote la seli humkataa mwenye maambukizi, kwa hiyo hata anayesubiri Wajapani anahitaji makalio yasiyo na kidonda.

Majaribio ya majeraha ya zamani yapo, ila ni machache na hayajang'aa. Kampuni ya StemCells Inc. ilijaribu seli za neva kwa watu walioumia kati ya miezi minne na miaka miwili, ikasimamisha 2016 kwa sababu nafuu ilikuwa ndogo mno. Watafiti wa San Diego, Marekani, walichapisha 2018 matokeo ya watu wanne wenye majeraha ya zamani waliopandikizwa seli: ilikuwa salama, na dalili ndogo za nafuu ya neva zilionekana kwa baadhi yao. Hatua kubwa zaidi kwa majeraha ya zamani imetoka upande mwingine kabisa. Kifaa kinachopitisha umeme mdogo shingoni kupitia vibandiko juu ya ngozi, bila upasuaji, kilijaribiwa kwa watu 60 waliopooza mikono, huku wakifanya mazoezi ya kushika na kubana. Matokeo yalichapishwa 2024: asilimia 72 walipata nguvu na matumizi ya mkono zaidi, na Desemba mwaka huo Marekani ikakiruhusu. Ni kwa ajili ya mikono ya walioumia shingo. Kwa miguu, bado.